Saa ya ukutani kutoka Ujerumani inachelewa robo saa kila siku, nifanyeje?

Mtu wa Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anayeishi Ujerumani kaniletea saa ya ukutani ya kule Schwarzwald, ile ya mbao yenye ndege anayechungulia kidirishani na kuita "ku-kuu". Haina betri, inaendeshwa na vyuma viwili vinavyoning'inia kwenye cheni, navivuta kila asubuhi. Dada anaapa kwamba kwake ilikuwa haikosei. Hapa Tanga inachelewa kama robo saa kwa siku, na juzi ilisimama kabisa. Fundi wa mtaani anataka nimwachie aifungue. Nimwachie?

Fundi Mstaafu:
Usimwachie, bado. Kwanza isikilize. Mlio unatakiwa uachane sawasawa: tik, tak, tik, tak. Ukisikia tik-tak… tik-tak… kama mtu anayechechemea, saa imekaa upande, na ndiyo maana inasimama. Sukuma chini ya kasha kidogo kushoto au kulia mpaka mlio ulingane, kisha chora alama ya penseli ukutani. Pima maji iache kwenye boksi, hapa sikio ndilo fundi.

Baada ya hapo njoo kwenye penduli, ule ufito unaobembea chini ya kasha. Lile jani la mbao linateleza kwenye ufito wake: likipanda saa inakwenda mbio, likishuka inachelewa. Lako lipandishe, ila taratibu. Penduli fupi namna hiyo, milimita moja ni dakika kadhaa kwa siku. Sogeza, rekebisha saa kwa simu, iache siku nzima ndipo uguse tena.

Mwalimu wa Fizikia:
Naongezea. Katika hiyo robo saa, kama dakika mbili zinatokana na Tanga yenyewe! Karibu na ikweta mvutano wa dunia ni mdogo kuliko Ujerumani, kwa hiyo penduli ileile inabembea polepole. Mfaransa Jean Richer alikutana na jambo hili Cayenne, Amerika ya Kusini, mwaka 1672: saa yake ilichelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris. Ungekuwa Nairobi, ule mwinuko ungekuongezea sekunde kadhaa. Kwa hiyo dada hakudanganyi.

Mama Shani:
Na ukirekebisha, zungusha mshale mrefu tu, kwa kwenda mbele. Ukifika kwenye nusu au saa kamili, mwache ndege amalize kuita.

Mtu wa Ngamiani:
Asanteni sana. Kweli ilikuwa inachechemea, sasa iko sawa. Jani nimelipandisha, kesho jioni nitalinganisha. Ila bibi analalamika: saa moja asubuhi ndege anaita mara saba!

Fundi Mstaafu:
Isogeze mbele kwa muda wa saa sita, mwanangu. Itaita mara moja, bibi atafurahi. Wageni watajijua.