Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450 na pawasaplai ya bure: je, vitaendana?

mkazi_wa_igoma

Wakuu, habari za jioni. Ninaunganisha kompyuta yangu ya kwanza ya kuchezea gemu hapa Mwanza, na kwa kuwa fedha inapatikana kidogo kidogo, nimekuwa nikinunua kifaa kimoja kimoja tangu mwezi wa pili. Hadi sasa ninayo mazabodi (bodi kuu) ya B450, ile ndogo ya micro-ATX, ambayo ilikwisha kutumika, pamoja na vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR4 vyenye GB 8 kila kimoja na kasi ya 3200. Keisi niliinunua mpya, na muuzaji akaniwekea ndani yake pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) bila malipo, ambayo ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa "500W".

Prosesa ninayoitaka ni AMD Ryzen 5 5600. Binamu yangu anayefanya kazi Dubai anakuja likizo mwezi ujao, naye amekubali kuniletea kadi ya grafiki, ila nimekwama kati ya Radeon RX 6600 na GeForce RTX 3060. Monita yangu ni ya 1080p na gemu zangu ni za mpira na za mbio za magari. Aliyeniuzia mazabodi alisema kwamba prosesa yoyote ya soketi (tundu la prosesa) ya AM4 inaingia, hivyo nisijisumbue. Naomba kujua kama ni kweli kabla sijamwagiza binamu, maana kitu kikishavuka bahari kukirudisha ni kazi.

fundi_bisibisi

Ndugu, kuingia inaingia. Kuwaka ni jambo jingine. Mazabodi za B450 zilitoka mwaka 2018, ilhali Ryzen 5 5600 ilitoka mwaka 2022, na BIOS ya zamani (programu ya kuwashia kompyuta iliyo ndani ya mazabodi) haiwezi kuitambua prosesa ambayo haikuwapo ilipoandikwa. Ukiifunga hivyo hivyo, feni zitazunguka, taa zitawaka, na skrini itabaki nyeusi, kisha utazunguka mjini ukitafuta ubovu usiokuwapo. Soma jina kamili la mazabodi yako, pamoja na namba ndogo ya toleo iliyochapwa pembezoni, uingie kwenye tovuti ya mtengenezaji na kutazama orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa wameandika ni toleo gani la BIOS linalohitajika.

Kama mazabodi yako haina kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa, tafuta fundi mwenye prosesa ya zamani ya AM4, kwa mfano Ryzen 3 2200G, akuwekee kwa muda ili usasishe kwa flashi. Kazi hiyo ifanyike kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usasishaji mazabodi inaweza kufa papo hapo.

Jambo la pili, ambalo huwapata wengi: Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani. Tundu la HDMI la kwenye mazabodi halitatoa picha hata siku moja ukiwa na prosesa hiyo, kwa hiyo waya wa monita uchomeke kwenye kadi. Maana yake pia ni kwamba, hadi binamu afike, prosesa hiyo hutaweza kuijaribu bila kuazima kadi.

umeme_wa_uhakika

Mimi sina shaka na prosesa wala RAM. Nina shaka na hiyo zawadi. Fungua keisi, usome kibandiko cha pawasaplai, utuandikie namba ya ampea iliyo chini ya +12V.

mkazi_wa_igoma

Nimeifungua. Kibandiko kinasema +12V 18A. Nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Waya wa kadi ya grafiki sijauona; upo wa pini 24, upo wa pini 4 zilizo kwenye mraba, na mingineyo ya diski.

umeme_wa_uhakika

Nilitarajia hivyo. Prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka kwenye njia ya volti 12, kwa hiyo hesabu ya kweli ni 12 mara 18, yaani wati 216, wala si 500. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, lakini ikifanya kazi kwa nguvu hufika takriban 76. RX 6600 hula wati 132. Jumla ni 208, na zimebaki wati 8 za feni, diski na kila kitu kingine, tena kwa kuchukulia kwamba kibandiko hakidanganyi, jambo ambalo kwa pawasaplai za kugawiwa bure mimi siliamini. RTX 3060 hula wati 170, kwa hiyo hiyo imekwisha kuvuka mpaka kabla hata hujawasha feni.

Nunua pawasaplai ya jina linalojulikana. AMD wanapendekeza wati 450 kwa RX 6600, na NVIDIA wanapendekeza 550 kwa RTX 3060. Ukipata ya 550 iliyo nzuri, hutaigusa tena kwa miaka mingi. Angalia iwe na waya wa kadi wa pini 6+2. Usiuchanganye na ule wa prosesa wa pini 4+4, kwa sababu vichwa vyake vinafanana kwa mbali, na kikigoma kuingia usikilazimishe. Hiyo uliyonayo, kama utaijaribu hata kwa dakika moja, hakikisha swichi nyekundu iko kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko.

dada_wa_pikseli

Ningekuwa wewe ningeuza mazabodi na RAM, niende AM5, soketi iliyofuata AM4, moja kwa moja. AMD wameahidi kuiendeleza soketi hiyo hadi mwaka 2027 na baada yake, wakati AM4 imefika ukingoni.

fundi_bisibisi

Dada, hoja yako ni nzuri kwa mtu anayeanza na mikono mitupu. AM5 inapokea DDR5 peke yake, na DDR4 haiingii humo hata kwa nguvu, kwa kuwa pengo la katikati liko mahali tofauti. Huyu angepoteza mazabodi na RAM kwa bei ya kutupa, kisha anunue vyote upya, na fedha hiyo ndiyo ya pawasaplai. Akitaka kupanda baadaye, Ryzen 7 5800X3D ni ya AM4 hiyo hiyo.

Kuhusu kadi, kwa 1080p na gemu ulizozitaja ningechukua RX 6600. Ukiamua RTX 3060, mwambie binamu asome boksi kwa makini, kwani ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8 yenye njia finyu zaidi ya kumbukumbu, na zote mbili zinabeba jina moja. Kabla hajalipa, pima kwa rula kutoka kwenye bati la nyuma la keisi hadi kwenye feni za mbele, umtumie kipimo.

mkazi_wa_igoma

Narudi na taarifa, wakuu. Fundi mmoja wa hapa alikuwa na 2200G, tukaifunga kwa pawasaplai yake, na BIOS iliyokuwamo ilikuwa ya mwaka 2019. Tumeisasisha kwa kutumia UPS. RAM ilionekana inakimbia 2400 badala ya 3200. Akaihamishia kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kisha akawasha XMP (mpangilio wa kwenye BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili), ikasoma 3200. Keisi nimeipima, ina sentimita 27. Binamu nimemwagiza RX 6600 ya feni mbili, na pawasaplai ya bure nimeirudisha kwa muuzaji, ambaye ameikataa.

umeme_wa_uhakika

Ing'oe feni yake, itakufaa kwenye keisi ikiwa ni ya sentimita 12.