Mwalimu wa nasari anataka tuache Kiswahili nyumbani, bibi anataka tuache Kiingereza. Nimsikilize nani?

MamaSuhaila

Assalaam alaykum wanajukwaa. Binti yangu anatimiza miaka mitatu mfunguo tatu hii inshaallah. Tunakaa Fuoni, asili yangu mie Wete. Babake anafanya kazi hoteli upande wa Paje, anarudi siku zake za mapumziko. Kiingereza kimemkaa, na tangu mtoto mchanga anamsemesha hicho hicho. Mimi na mamangu, ambaye tunaishi naye, ni Kiswahili tu, tena Kipemba cha bibi hakijapunguzwa hata chembe.

Sasa kaanza nasari ya Kiingereza. Mwalimu kaniita: mtoto darasani kimya, na akisema anachanganya. "Paka anasleep." "Nipe water ya baridi." Anataka Kiswahili tukiache nyumbani mpaka afike darasa la kwanza. Nilipomhadithia bibi akaja juu: Kiingereza ndicho kinachomtia mtoto uzito wa ulimi, babake akome. Babake naye yuko na mwalimu, kaleta na tableti imejaa katuni za Kizungu.

Kiingereza changu mimi ni cha kuombea kazi. Nikianza kumlelea mtoto kwa lugha hiyo nitaishia kumwambia njoo, kaa, usiguse, basi. Nifanyeje?

Mzee_wa_Barza

Mwambie mwalimu aje Fuoni usiku azungumze Kiingereza na bibi. Tuone nani atamfundisha mwenzake 😂

MwanaIsimu_Tunguu

Wa alaykum salaam dada. Nasoma isimu, yaani elimu ya lugha, hapa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na haya ya watoto wa lugha mbili ndiyo ninayoyafuatilia, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mwalimu na bibi wanavutana, lakini wote wawili wanaamini kitu kimoja: kwamba lugha mbili zinamvuruga mtoto. Fred Genesee wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliipinga hoja hiyo tangu 1989. Kuchanganya si ushahidi kuwa mtoto hajui kama lugha ni mbili. Mara nyingi neno limemkosa upande mmoja, au wakubwa wenyewe wanachanganya mbele yake (nani hapa Unguja hachanganyi?).

Itazame hiyo "anasleep". A- ya paka ipo, -na- ya wakati ipo, kila kimoja mahali pake. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanavyokipata Kiswahili na kuchapisha kazi yake 2005, alionesha kuwa wadogo huanza kwa kudondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Wako keshavipata, na sasa anavivisha hata kitenzi cha Kizungu. Mwalimu kasikia kosa. Mie nasikia sarufi ya Kiswahili imesimama.

Kuhusu uchache wa maneno, Barbara Zurer Pearson na wenzake walitoa utafiti 1993 juu ya watoto wa Miami wanaokua na Kihispania na Kiingereza. Ukihesabu lugha moja peke yake utasema mtoto yuko nyuma. Ukijumlisha zote mbili, hawakupishana na wenzao wa lugha moja. Kwenu mwalimu anahesabu Kiingereza, bibi anahesabu Kiswahili, na hakuna anayejumlisha. Kule Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walitayarisha orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama, na anayeulizwa ni mzazi: hili analielewa, hili analisema? Kaa na daftari jioni moja, andika yote anayoyajua, ya babake na ya bibi. Utashangaa.

Tableti sasa. Patricia Kuhl wa Seattle, 2003, alichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, akawaletea watu wanaosema Kichina, wacheze nao na kuwasomea, vikao 12. Watoto wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi jingine likapewa watu wale wale kwenye video, na halikupata kitu. Mtoto mdogo hujifunza kwa anayemtazama machoni na kumjibu. Katuni haimjibu.

BabaWawili

Mtaalamu, maneno mazuri, lakini tuzungumze Zanzibar yetu. Sera ya 2006 iliyapeleka Hesabu na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari ndiyo usiseme. Nimewaona watoto wenye akili zao wanakaa kimya darasani kwa sababu ya lugha. Kiswahili ataokota mtaani hata ukimfungia mlango. Kiingereza hakiokotwi Fuoni. Mwalimu hajakosea sana.

MwanaIsimu_Tunguu

Kaka, nusu ya hayo nakupa. Annick De Houwer alikusanya taarifa za familia karibu 1,900 kule Flanders, Ubelgiji, akazichapisha 2007. Familia zote zilikuwa na lugha nyingine nyumbani pamoja na ya nchi, na kiasi cha robo yao watoto hawakuisema hiyo nyingine kabisa. Inayopotea ni ile yenye wasemaji wachache karibu na mtoto. Fuoni hiyo ni Kiingereza, na hapo uko sahihi: bila mtu wa kukisema naye hakitakaa.

Lakini mtu huyo yupo, ni babake. Mfaransa Jules Ronjat aliandika 1913 jinsi alivyomlea mwanawe Louis, yeye Kifaransa, mke wake Kijerumani, na kijana akatoka na zote mbili. Kila mzazi alishika lugha yake. Si lazima kila nyumba ifuate hivyo, ila hakuna aliyemwambia yule mama aache lugha anayoiweza ashike asiyoiweza. Mwalimu ndicho anachokitaka kwa MamaSuhaila. Hadithi, utani, kwa nini mvua inanyesha, kwa nini mwezi unatufuata: yote hayo yakatwe, zibaki amri tatu?

NesiMstaafu

Wanangu mmesoma, mashaallah, lakini kabla ya Montreal tuanze na masikio. Mama Suhaila, ukimwita kwa nyuma sauti ya chini anageuka? Amewahi kutoka usaha masikioni? Anaunga maneno mawili matatu? Kuna neno alikuwa akilisema na sasa kaliacha? Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, lakini hazimkingi pia. Mwenye tatizo la kusikia ataonekana kimya kwa lugha zote, na wazazi watalaumu Kiingereza mwaka mzima huku sikio linaharibika. Mwenye miaka miwili haungi maneno mawili, au anapoteza aliyokuwa nayo, apelekwe kwa daktari wa masikio, asisubiriwe.

MamaSuhaila

Ahsante bibi. Usaha aliwahi kutoka mara moja akiwa mdogo, ukatibiwa. Kusikia anasikia. Jana bibi yuko jikoni, kamwambia bila hata kugeuka, "Nletee mbuzi, na kile kifuu kilo nyuma ya mlango." Kavileta vyote viwili, kisha kakaa juu ya mbuzi kama anakuna nazi na kumwambia bibi, "Mie nakuna, wewe nenda kalale." Nyumbani hanyamazi. Darasani ndiyo kimya.

NesiMstaafu

Basi moyo wangu umetulia. Lakini kwa kuwa usaha ulishatoka, akapimwe tu.

MwanaIsimu_Tunguu

Kimya cha darasani kinajulikana. Mtoto akitiwa kwenye lugha ambayo hajaizoea kwa watu wageni, wengi hunyamaza wiki kadhaa, wengine miezi, huku wanasikiliza. Na huyu kaanza mwezi huu.

Mkae_wa_Makunduchi

Natia langu dogo. Sisi tumekulia na Kikae nyumbani, Kiunguja skuli, Kiarabu chuo cha Kurani baada ya alasiri, na hakuna aliyetuita tumevurugika. Kikawa tatizo pale kilipoingia Kiingereza. Sijui kwa nini lugha ya bibi ndiyo huwa ya kwanza kuambiwa ikae pembeni.

BabaWawili

Hapo umenigusa. Wangu mkubwa anaelewa Kitumbatu cha mamangu ila hajibu.

MamaSuhaila

Nimewasoma wote. Kiswahili siachi, na babake aendelee na chake akirudi. Sasa mwalimu nimwambieje bila kuonekana mjuaji? Ada nishalipa mpaka mwisho wa muhula.

MwanaIsimu_Tunguu

Usiende na majina ya maprofesa, atahisi unamsomesha. Mrekodi mtoto kwenye simu akiwa jikoni na bibi, dakika mbili tatu, umsikilizishe. Halafu muombe akwambie kila wiki wanasoma nini: wanyama, rangi, viungo vya mwili. Wewe uyazungumze nyumbani kwa Kiswahili. Mtoto akishajua tembo ni nini na anakula nini, jina lake la Kiingereza ni kazi ndogo kwa mwalimu.

Mzee_wa_Barza

Na bibi umrekodi pia. Tunataka kumsikia.