Sheria ya kulazimisha kila mkorosho upulizwe dawa ya wadudu: mnaiunga mkono?

Mwanzisha mada, Tandahimba
Habari za jioni ndugu zangu. Kijijini kwetu limeletwa pendekezo la sheria ndogo: kila mwenye mikorosho apulize dawa ya wadudu, asiyepuliza apigwe faini. Wanasema mbu wa mikorosho na mbu wa minazi huzaliana kwa mvivu kisha wakahamia kwa mwenye bidii. Mvivu mwenyewe ni mimi. Salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu, napuliza kama wenzangu, hilo tusilichanganye. Wadudu nimewaachia maji moto.

Maji moto mnawajua: sisimizi wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe au mkorosho kwa nyuzi za watoto wao. Mbu wa mikorosho anafyonza machipukizi mpaka yanakauka kama yaliyounguzwa. Mbu wa minazi anadunga korosho changa, nyingine zinapukutika, na zinazokomaa kiini kinatoka na madoa. Kwenye mti uliojaa viota vya maji moto, hao wawili huwapati kirahisi. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, nao wamewachunguza maji moto kama walinzi wa mikorosho, msije mkadhani ni hadithi za bibi yangu. Sasa dawa haichagui. Inaua mbu, inaua na askari aliyekuwa akifanya kazi bila mshahara, na nyuki waliokuja kwenye maua. Nitozwe faini kwa kutoua?

Newala
Kaka, wewe hujang'atwa vizuri. Mimi vibarua wangu waligoma kupogolea, nikachoma viota vyote. Nilichoka.

Mwanzisha mada
Pole dada. Ila korosho haichumwi kama embe, inaokotwa chini. Unapanda mtini siku za kupogolea tu. Nenda alfajiri kukiwa na baridi, jipake majivu mikononi. Utang'atwa, sikudanganyi, lakini kidogo.

Mfuga nyuki, Masasi
Maji moto msiwafanye malaika. Wanafukuza hata nyuki kwenye maua, na mzinga siwezi kuutundika kwenye mti wao. Pamoja na hayo, bora wao kuliko mashine ya kupulizia inayonguruma saa nne asubuhi, nyuki wakiwa kazini. Sheria ingesema jioni tu, ningeinyooshea mkono. Halafu jambo mnalolisahau: mmekata miembe na vichaka vyote mkabakiza mikorosho mitupu, imeachana. Maji moto wanatembea kwenye matawi yanayogusana. Watavukaje?

Mzee, Mikindani
Wanangu, mimi nimeona. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kufika 1986/87 hazikufika 20,000. Ubwiri unga ulikuwemo, lakini pia watu walihamishiwa vijijini na mashamba yakabaki pori, hakuna wa kupalilia wala kupogolea. Shamba la mtu mmoja likiachwa, ugonjwa ni wa wote. Ndiyo maana sheria hii naielewa.

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee. Ubwiri unga ni kuvu, maji moto hawali kuvu, ndiyo maana salfa siikatai. Ila hapo kwenye mashamba pori umenikamata. Kuna mtu anaishi Dar, shamba lake limepakana na langu, lina miaka halijaguswa. Huyo sheria imbane. Mimi ninayekagua machipukizi kila wiki nisiwekwe naye kapu moja. Iandikwe hivi: shamba likaguliwe, likikutwa na mbu wengi ndipo mwenyewe aamriwe kupuliza.

Newala
Akague nani? Bwana shamba wetu ana pikipiki moja na mafuta ananunua mwenyewe.

Mfuga nyuki, Masasi
Jirani akague jirani. Mtauana.

Mzee, Mikindani
Marahaba mwanangu. Swali moja tu. Wakija kukagua kwako wakakuta machipukizi yameungua, faini utalipa?

Mwanzisha mada
Nitalipa mzee. Na dawa nitapuliza. Jioni.