Ukoo wa Mpakani 🚲: Safari ya Majanji

IJUMAA USIKU

Mwalimu: Hamjambo ndugu zangu. Kesho ndiyo ile safari yetu ya baiskeli. Tukutane mbele ya duka la Mama Rehema saa 12 na nusu asubuhi. Tunapita Masafu, tunapumzika Lumino, halafu moja kwa moja Majanji, Ziwa Victoria. Kila mtu na maji yake. Pampu, viraka na solusheni ninavyo mimi.

Zaituni: Saa 12 na nusu ya kweli au ya harusi?

Mwalimu: Ya kweli. Nawaacha.

Shangazi: Kwa nini tusielekee Bugiri, kule nina mtu wa kumsalimia

Mwalimu: Shangazi, kule tutagombania lami na matrela. Huku kusini magari ni machache, na siku hizi ni lami mpaka ziwani.

Mama Rehema: Mchango wa samaki ni elfu kumi kila kichwa. Wote mmetuma. Hamisi peke yako sikuoni.

Mjomba Hamisi: Natuma sasa hivi dada, mtandao unasumbua 🙏

Mama Rehema: Mtandao huo huo uliopitisha picha kumi na nne za baiskeli mpya?

Mjomba Hamisi: Gia 21 hizo! Kwangu mlima umekuwa tambarare

Zaituni: Jamani kuna jambo. Babu anasema naye anakuja. Ameshapaka mnyororo mafuta.

Shangazi: Babu huyu wa miaka 74??

Zaituni: Anataka kusema mwenyewe. Namshikia simu.

Zaituni: 🎤 "Haya, mnanisikia? Mimi nimebeba watu hapa tangu Amin yuko Kampala. Gari lilikushusha upande huu wa Uganda, kituo cha Kenya kiko kule mbele, na katikati ni miguu yako. Mtu ana gunia, ana mtoto mgongoni. Sisi na baiskeli zetu tunaita, boda! boda! Neno hilo limezaliwa hapa Busia, tena kwenye keria ya baiskeli, kabla pikipiki hazijalichukua. Leo mnaniuliza kama Majanji nitafika? Halafu huyo Hamisi mwambieni, kwangu mimi abiria asiyelipa hapandi."

Mama Rehema: 😂😂😂 Babu kamaliza

Shangazi: Haya basi, aje. Lakini Zaituni uwe nyuma yake njia nzima.

Juma (Leicester): Asalaam aleikum wote. Mmenitia wivu. Na sisi kesho tunatoka, watu wanane wa msikitini, tunafuata njia ya kando ya mfereji. Vuli ya mwaka huu imependeza, jua linawaka na ni nyuzi 12.

Shangazi: Vuli si mvua mwanangu? Jua limeingiaje

Juma (Leicester): Vuli ya huku ni wakati wa majani kupukutika shangazi

Mwalimu: Waandishi wa kamusi walichukua jina la mvua zetu za Oktoba wakalivika koti.

Juma (Leicester): 📷 Picha

Mama Rehema: Mbona miti myekundu? Inaumwa?

Mwalimu: Haiumwi. Inajivua majani kabla ya baridi. Hata mvule wetu hujivua wakati wa kiangazi.

Juma (Leicester): Yanapendeza yakiwa juu. Yakishaanguka na kulowa yanateleza kuliko tope. Juzi nilikamata breki kwenye kona, kushtuka nimelala chini, na mzee mmoja na mbwa wake wananitazama.

Mjomba Hamisi: Ungekuwa na breki za diski kama zangu

Mama Rehema: Elfu kumi, Hamisi.

JUMAMOSI

Mwalimu: 12:41. Tumeondoka. Hamisi hayupo.

Mjomba Hamisi: Niko njiani nawafikia

Zaituni: Anaandika kutoka kitandani huyo

Zaituni: Jamani mliobaki mmekosa. Mvua ya jana usiku imelaza vumbi, wingu limetufunika, upepo kidogo tu. Watu wameanza kuanika mihogo pembeni mwa lami, tunaikwepa kama mashimo. Babu yuko mbele. Mimi niliyeambiwa nikae nyuma yake nimeshamkaa nyuma sana, simwoni.

Mwalimu: Tumepita Masafu. Hamisi ametufikia, kisha ametupita bila salamu.

Mama Rehema: Kanipungia mkono kama rais

Juma (Leicester): Ndiyo naamka, huku bado giza. Mko wapi?

Zaituni: Tunakaribia Lumino. Kuna mtu ameketi chini ya mwembe na baiskeli imelala miguu juu.

Zaituni: Ni mjomba.

Juma (Leicester): 😂 Pancha?

Mwalimu: Afadhali ingekuwa pancha. Kile chuma cha gia cha nyuma kimeingia kwenye spoki kikakatika, na mnyororo umekwenda nacho. Fundi wa hapa ameizunguka mara mbili, akasema vipuri alivyonavyo ni vya baiskeli za Hero. Hii ipelekwe Kampala.

Shangazi: Pole kaka. Gia 21 zote zimekwisha?

Mjomba Hamisi: Shangazi tafadhali

Mwalimu: Baiskeli tumeipakia kwenye pikipiki irudi Busia. Mwenyewe hataki kurudi, samaki ameshawanusa.

Zaituni: Sikilizeni hii. Mjomba amemwomba Babu ampakie. Babu akamwuliza, umelipa? Kimya. Basi Babu ameshuka, amekung'uta mto wa keria, AMEKAA YEYE. Amemwambia mjomba, shika usukani.

Mama Rehema: Video! Video!

Zaituni: 🎥 Video

Juma (Leicester): Wallahi nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Babu anamwambia nini pale mlimani?

Zaituni: "Usisimame juu ya pedali, unanitikisa. Abiria si gunia."

Mwalimu: 3:20. Tumefika Majanji, wote wazima. Ziwa limetulia. Samaki wetu ngege wako kwenye mafuta, posho, yaani ugali, imeiva. Hamisi amelala kwenye nyasi, haongei.

Juma (Leicester): Nipigieni usiku nimwone Babu. Lakini leo, msingoje kesho. Kesho saa za huku zinarudishwa nyuma, mtakuwa mmetuacha masaa matatu badala ya mawili, na jua litatua kabla ya saa 11 jioni.

Shangazi: Saa 11 jioni usiku?? Rudi nyumbani mwanangu

Mama Rehema: Tunaanza kula. Hamisi, kabla hujagusa sahani.

Zaituni: 🎤 "Mama Rehema, ni mimi. Mwandike Hamisi amelipa. Ile elfu kumi ndiyo nauli yangu."

Mama Rehema: Babu! Lumino mpaka Majanji elfu kumi?

Zaituni: Anasema mlima ulikuwa mrefu, na dereva ni mgeni.