Nasazzi abebe Kombe la Dunia moja au matatu? Njooni tubishane

Wakuu salama? Juzi kibanda umiza tulibishana mpaka mwenye banda akazima tivii. Uruguay walikuwa wanacheza, dogo mmoja akauliza hivi hawa nyota nne kwenye jezi wamezitoa wapi wakati kombe wamebeba mara mbili tu, 1930 na 1950? Nikamtaja José Nasazzi, watu wakacheka eti huyo ndo nani.

Kwa wasiomjua, huyo ni beki wa Montevideo, kazaliwa 1901, fundi wa kukata marumaru, ndo alikuwa nahodha wa Uruguay waliobeba dhahabu ya Olimpiki Paris 1924, wakarudia Amsterdam 1928, halafu 1930 nyumbani kwao wakachukua Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Mechi 41 timu ya taifa na goli hana hata moja, yeye yuko nyuma tu anapanga watu, wenyewe wakamwita El Gran Mariscal, yaani jemadari mkuu.

Nyota nne ni hizo Olimpiki mbili ukijumlisha na makombe mawili, ndo maana mimi nasema huyu ni nahodha wa mabingwa wa dunia mara tatu. Paris zilikuja timu 22, Marekani wapo, Uturuki wapo, hata Misri wapo na wakaichapa Hungary 3-0. Sasa 1930 timu 13, Ulaya nzima zimetoka nne tu maana wengine safari ya meli iliwashinda, Afrika hakuna hata mmoja. Halafu hilo la timu 13 ndo mnaliita la dunia? Na msiniletee Waingereza hawakuwepo Olimpiki, 1930 nako hawakuwepo, wamekuja kutokea 1950.

—

Mkuu unachanganya mambo. Olimpiki ni ridhaa, yaani wachezaji wasiolipwa. FIFA wenyewe walikaa Amsterdam 1928 wakapitisha waanzishe mashindano yao, sasa kama Kombe la Dunia lilikuwepo tayari walikuwa wanaanzisha nini? Na hao Misri unaowasifia, 1928 mechi ya kugombea shaba walipigwa 11-3 na Italia. Huo ndo ushindani wa dunia?

—

Hapo kwa FIFA nakubali umenibana kidogo, hata juzi ndo paliponishinda. Ila ridhaa hapana, soka la kulipwa Uruguay limeanza 1932, kwa hiyo hata hao wa 1930 kwenye makaratasi walikuwa ridhaa vilevile. Na kama kupigwa nyingi ndo kipimo basi nusu fainali zote mbili za 1930 ziliisha 6-1, tuifute nayo?

—

Mi nyota sina shida nazo, namtetea mtu. Fainali ya 1930 Argentina wako mbele 2-1, hilo goli la pili kafunga Stábile, mshambuliaji wao, Nasazzi anamfuata refa Langenus anamwambia huyu kaotea, refa kakaza, goli. Mabeki wengi hapo kichwa kinahama. Yeye karudi kipindi cha pili hawakuruhusu hata moja, mechi ikaisha 4-2. Hilo moja tu linamtosha.

—

Sawa, ila swali langu bado halijajibiwa. Anayesema moja aniambie 1930 ilizidi nini 1924 ukiacha jina la kombe?