Mrejesho: lile onyo la virusi kwenye kompyuta ya nyumbani

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Wiki iliyopita niliwauliza kuhusu kompyuta yetu hapa Busia, Uganda: skrini nzima nyekundu, king'ora kinalia, na maandishi yanayosema usizime, piga namba hii ya Microsoft sasa hivi. Mama alikuwa ameshashika simu.

Hakupiga, Mungu ni mwema. Nilishikilia kitufe cha Esc mpaka skrini ikarudi kawaida, kisha nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi, nikakifunga humo kivinjari chetu, Chrome. Kelele ikakatika papo hapo. Nilipokifungua tena kikaniuliza kama kirudishe kurasa za awali, nikakataa. Kumbe ulikuwa ukurasa wa tovuti tu! Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao halisi hayaweki namba ya simu.

Ila kesho yake vionyo vidogo vikaanza kuchomoza pembeni ya skrini. Hapo ndipo nikapata chanzo: kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, kulikuwa na tovuti tatu nisizozijua. Mdogo wangu alikuwa akitafuta mechi za mpira, akibonyeza kuruhusu kila anapoulizwa. Nimeziondoa zote, kimya mpaka leo.

Nimeskani kwa Defender, programu ya kuzuia virusi inayokuja na Windows bure, ikatoka safi. Nimesasisha Windows, na mama nimemfungulia akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi. Pini ya pesa za simu ameapa hatamtajia mpigaji yeyote.