Lishe ya ketoni kwa mtoto mwenye kifafa: tuanze na aina ipi?

Mama Salma:
Salaam kwenu nyote. Binti yangu ana miaka 7, na dawa mbili alizopewa kwa kipimo kamili zimeshindwa kutuliza kifafa chake. Daktari ametushauri tufikirie lishe ya ketoni, akataja aina nne na kututaka turudi na maswali. Ninaelewa kwamba zote hupunguza wanga na kuongeza mafuta, ili mwili utengeneze ketoni ambazo ubongo huzitumia badala ya sukari. Ninachotaka kujua ni tofauti zake jikoni, na kama iliyo ngumu zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi.

Baba Idrisa:
Pole sana, Mama Salma. Sisi tulitumia ile ya awali, iliyopendekezwa na Russell Wilder wa Mayo Clinic mwaka 1921. Katika uwiano wa 4:1, kila gramu 4 za mafuta huliwa pamoja na gramu 1 tu ya protini na wanga vikijumlishwa, hivyo takriban asilimia 90 ya nishati hutoka kwenye mafuta. Kila tonge lilipimwa kwenye mizani, na mafuta yaliyobaki kwenye sahani tuliyakomba yote, kwa sababu yalikuwa sehemu ya hesabu. Mishtuko ilipungua kwa zaidi ya nusu, nami nashukuru. Lakini choo kigumu kilimtesa, na kumwona mtoto akikataa chakula kulituumiza kuliko kazi yote ya kupima.

Mtaalamu wa lishe:
Mama Salma, ugumu wa lishe si kipimo cha nguvu yake, hasa kwa umri wa binti yako. Lishe ya mafuta ya MCT (mafuta yenye minyororo ya urefu wa kati), iliyoanzishwa na Peter Huttenlocher mwaka 1971, hutumia mafuta yanayozalisha ketoni nyingi zaidi kwa kila gramu, kwa hiyo mtoto huruhusiwa wanga na protini zaidi. Kasoro yake ni kuumwa tumbo na kuharisha, hasa mafuta hayo yakiongezwa kwa haraka. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 uliilinganisha na lishe ya awali na haukuona tofauti kubwa katika kupunguza mishtuko.

Atkins iliyorekebishwa, iliyotoka Johns Hopkins mwaka 2003, huweka kikomo kwenye wanga pekee, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa siku mwanzoni, bila kupima protini. Ya nne, lishe ya fahirisi ya chini ya glisemiki, huruhusu gramu 40 hadi 60 za wanga kwa siku, mradi utokane na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu polepole. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba lishe ya awali iliwafaa zaidi walio chini ya miaka 2, ilhali kwa wakubwa Atkins haikuachwa mbali. Kwa mtoto wa miaka 7 anayechagua chakula, mimi ningeanza mazungumzo na daktari kwa kuitaja Atkins iliyorekebishwa, isipokuwa kama ana kasoro ya GLUT1, ambapo sukari haiingii kwenye ubongo ipasavyo na ketoni nyingi huhitajika.

Mama Salma:
Ahsanteni sana. Je, naweza kuanza kupunguza wanga polepole nikisubiri miadi?

Mtaalamu wa lishe:
Tafadhali usianze. Kwanza apimwe damu, kwa kuwa yapo magonjwa ya kurithi yanayouzuia mwili kutumia mafuta, na kwa mtoto mwenye ugonjwa huo lishe hii inaweza kuhatarisha maisha. Mpeleke daktari orodha ya dawa zote, zikiwemo za maji, kwani nyingi zina sukari. Kama anatumia topiramati, mojawapo ya dawa za kifafa, uliza kuhusu hatari ya mawe kwenye figo. Dawa za kifafa msiziache. Lishe yoyote mtakayokubaliana hupewa takriban miezi 3 kabla ya kuamua kama inamsaidia, kwa hiyo anza leo kuandika kila mshtuko na saa yake, ili mwe na cha kulinganisha.